Macho mekundu: mshubiri, asali, maziwa ya mama, mlonge na wanja. Kipi kina ushahidi, kipi kinaharibu jicho?

Mhudumu_Pangani:

Wakuu, habari za kazi. Macho mekundu yameanza tena huku, na sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunapita nyumba kwa nyumba. Mara nyingi tunafika jicho limeshatiwa kitu. Vinavyotajwa zaidi ni utomvu wa mshubiri uliokatwa papo hapo, asali mbichi tone moja asubuhi na jioni, maziwa ya mama, maji ya majani ya mlonge au ya kishona nguo yaliyotwangwa na kukamuliwa kwenye kitambaa, chai ya rangi iliyopoa, marashi ya mawaridi, na kwa watoto wachanga wanja. Wapo wanaotia maji ya ndimu na chumvi.

Sitaki kwenda kwa watu na kauli ya "acheni mambo ya kienyeji". Hakuna anayeisikiliza, na baadhi ya miti hii najua imefanyiwa utafiti. Ninachoomba ni maelezo ya kina. Kipi kati ya hivi kimeonyesha kitu maabara, na kwa nini hicho kisitiwe machoni? Kipi ni cha hatari moja kwa moja? Na mtu ambaye zahanati iko mbali afanye nini nyumbani kikamsaidia kweli?

---

NesiMacho:

Mkuu, anza na ugonjwa kabla ya dawa, maana huko ndiko sifa za dawa nyingi zinakotoka.

Macho mekundu ya mlipuko, kama ule wa Januari 2024 ulioanza kuripotiwa kwa wingi Dar es Salaam, huletwa na virusi, mara nyingi vya kundi la adenovirusi. Jicho moja huanza, siku mbili tatu baadaye linafuata la pili. Machozi ni mengi kuliko usaha, mgonjwa anahisi kama ana mchanga ndani ya jicho, na wengine huvimba tezi ndogo mbele ya sikio. Siku za mwanzo hali huzidi, halafu hupungua, na kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu yamekwisha bila dawa yoyote ya kuua virusi. Sasa fikiria mtu aliyevumilia siku tatu, ya nne akatia mshubiri, ya sita akaona nafuu. Atamwambia jirani mshubiri umemponya, na atakuwa mkweli kwa alichokiona. Bila kundi la pili la wagonjwa ambao hawakutiwa kitu, huwezi kujua kilichofanya kazi ni mmea au kinga ya mwili.

Maambukizi ya bakteria hutoa usaha mzito wa njano au kijani na kope hugandana asubuhi. Mengi ya haya nayo hupona yenyewe kwa siku saba hadi kumi, ingawa dawa sahihi huyafupisha. Mzio ni kitu kingine: macho yote mawili yanawasha sana, utando ni mweupe wa kuvutika, na hurudi msimu hadi msimu. Na vikope, yaani trakoma, huleta makovu ndani ya kope baada ya maambukizi ya kurudiarudia utotoni. Mtu anaweza kuviita vyote "macho mekundu" na kuvitibu kwa jani moja.

Kinachotisha ni kidonda cha konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Wafundishe wenzako vipimo vitatu visivyohitaji mashine:

Kwanza, futa tongotongo, ziba jicho moja kwa kiganja, mwambie asome kalenda ukutani au ahesabu vidole vyako kutoka mita tatu. Kisha badilisha. Macho mekundu ya kawaida hayapunguzi uoni ukishafuta uchafu. Kama ameona ukungu, ni rufaa.

Pili, mulika kwa tochi kutoka ubavuni. Doa jeupe au la kijivu juu ya weusi wa jicho ni rufaa siku hiyo hiyo, hata kama ni dogo kama kichwa cha pini.

Tatu, angalia wekundu umekaa wapi. Ukiwa mwingi kuelekea ndani ya kope, huenda ni utando wa nje tu. Ukiwa umezunguka weusi wa jicho kama pete, pamoja na maumivu makali na kushindwa kutazama mwanga, tatizo liko ndani zaidi.

Kuhusu madhara, tuna takwimu za hapa hapa. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa 1994 uliangalia wagonjwa 103 wenye vidonda vya konea, na karibu robo yao vidonda vilihusishwa na dawa za kienyeji. Mbarara, Uganda, utafiti uliochapishwa 2019 ulikuta asilimia 60 ya wagonjwa wenye maambukizi ya konea walikuwa wameshatia dawa hizo. Si kwamba kila mmoja aliumizwa na jani. Wengine walikuwa na kidonda tayari na jani likawachelewesha, na kwenye konea siku mbili za kuchelewa zinaweza kuamua kama mtu ataona.

---

MkemiaMimea:

Naomba nijibu upande wa mimea, kwa sababu swali lako la kwanza ndilo linalochanganya wengi, wakiwemo wanaosoma tafiti mtandaoni.

Mwarobaini, mshubiri, mlonge, kishona nguo: yote imewahi kuzuia bakteria maabara. Hilo ni kweli na usilikatae mbele ya watu. Lakini angalia jinsi kipimo kinavyofanywa. Majani hukaushwa, husagwa, huloweshwa kwenye methanoli au ethanoli, kimiminika hukaushwa hadi ibaki dondoo, kisha dondoo huwekwa kwenye sahani yenye bakteria kwa saa 18 hadi 24. Dondoo ghafi kwa kawaida huhitaji miligramu kadhaa kwa mililita ndipo izuie bakteria. Jentamaisini, dawa ya hospitali ya kuua bakteria, hufanya kazi hiyo kwa mikrogramu chache, yaani pungufu mara mia hadi maelfu.

Jicho halifanani na sahani ile kwa lolote. Machozi yaliyomo ndani yake ni kama mikrolita 7. Tone moja la dawa ni mikrolita 30 hadi 50, kwa hiyo sehemu kubwa inamwagika shavuni papo hapo, na kilichobaki kinaoshwa na machozi ndani ya dakika chache. Kitu kinachowasha kinaongeza machozi na kuondoka haraka zaidi. Ile saa 18 ya kukaa na bakteria haipo. Na maji ya majani yaliyokamuliwa nyumbani hayana kiwango: jani la kiangazi si sawa na la masika, na aliyetwanga majani matatu si sawa na aliyetwanga kumi.

Halafu kuna mambo matatu ambayo tone la jicho lazima liwe nayo na juisi ya jani haina. Liwe halina kimelea hata kimoja. Liwe na uasidi au ubesi unaokaribiana na wa machozi, pH karibu 7.4. Na liwe na chumvi karibu sawa na ya machozi ili lisinyonye wala kujaza maji seli za konea. Ndimu ina pH ya takriban 2. Hiyo ni asidi juu ya utando ulio na unene wa nusu milimita tu, na kuichanganya na chumvi kunaongeza uharibifu.

Usafi ndio unaoniumiza zaidi. Jani limeoshwa kwa maji ya dumu, limetwangwa kwenye kinu kilichotwanga vitunguu, limekamuliwa kwa kipande cha kanga, wengine hulitafuna kwanza. Kila hatua inaongeza vimelea. Wawili ni wabaya kuliko wote: bakteria wa Pseudomonas, anayependa maji na anayeweza kuyeyusha konea ndani ya siku moja au mbili, na kuvu kama Fusarium na Aspergillus wanaoishi kwenye mimea na udongo. Wakikuta konea imekwaruzwa, hata na kidole kilichosugua jicho linalowasha, wanaingia. Kidonda cha kuvu hakisikii dawa za bakteria. Kinahitaji natamaisini ya asilimia 5, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017 lakini bado kuipata ni shida katika hospitali nyingi za wilaya.

Sasa mmoja mmoja kwa vile ulivyovitaja.

*Mshubiri.* Ukikata jani, kinachotoka kwanza karibu na ganda ni utomvu wa njano mchungu wenye aloini. Huo ndio unaoharisha ukinywewa na ndio unaochoma jicho. Ute mweupe wa katikati ni mpole zaidi, lakini jikoni huwezi kuutenga na ule wa njano kikamilifu. Kazi nyingi nzuri za mshubiri ni za ngozi iliyoungua, na jicho si ngozi.

*Asali.* Hii ndiyo yenye ushahidi mzito kuliko zote. Ina sukari takriban asilimia 80, pH kati ya 3.2 na 4.5, na kimeng'enya ambacho asali ikichanganyika na maji hutengeneza haidrojeni peroksaidi, dawa ya kuua vijidudu. Asali ya manuka ya New Zealand ina kitu cha ziada, methaili glaioksali. Yapo matone ya macho ya asali yaliyojaribiwa kwa watu wenye macho makavu na kope zilizovimba, na wapo waliopata nafuu. Lakini asali ile imesafishwa kwa mionzi ya gama, imepunguzwa makali na kuwekewa uwiano wa chumvi. Asali ya mzinga inaweza kubeba mbegu za bakteria wa Clostridium. Ukiichemsha ili kuua vijidudu, unaharibu kimeng'enya, na mbegu zile hazifi kwa kuchemshwa kawaida. Yaani umepoteza faida na hatari imebaki.

*Mlonge.* Hapa nina jambo la kuwapa watu badala ya kuwanyima. Majani ya mlonge yana betakarotini nyingi, ambayo mwili hugeuza kuwa vitamini A, na upungufu wa vitamini A ni moja ya sababu kongwe za watoto kupofuka, hasa wakipata surua. Kwa hiyo mlonge ni dawa ya macho ukiwa kwenye sufuria. Upikwe na mafuta kidogo au nazi, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa pamoja na mafuta. Vivyo hivyo mchicha, matembele, viazi lishe vya rangi ya chungwa, maembe, na mawese mekundu. Hii haichukui nafasi ya matone ya vitamini A kliniki, uniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11 na uniti 200,000 kila miezi sita kuanzia mwaka mmoja hadi mitano.

*Chai ya rangi.* Tanini zake hukaza ngozi kidogo. Kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kinafanya kazi ile ile bila kuongeza kitu kingine.

*Marashi ya mawaridi.* Mengi ya dukani ni manukato yenye spiriti. Yabaki kwenye mrashi.

Jambo moja lisisahaulike mnapoongea na watu: tiba ya macho ya hospitali imejengwa pia na mimea. Atropini ya kupanua mboni hutoka kwenye jamii ya mnanaha. Pilokapini ya presha ya macho ilitoka kwenye kichaka cha Brazili. Fisostigmini ilitoka kwenye haragwe la Calabar, Nigeria. Kinachotofautisha ni kutengwa kwa kiini, kupimwa kwa uzito, na chupa isiyo na vimelea. Na kati ya hizo tatu hakuna hata moja inayotibu maambukizi. Iliyokaribia ni berberini, rangi ya njano inayopatikana kwenye vichaka vya Berberis. Watafiti wa India walichapisha mwaka 1982 matokeo ya matone yake ya asilimia 0.2 kwa wagonjwa wa trakoma. Hata hivyo, dawa inayogawiwa leo kutokomeza trakoma ni azithromaisini.

---

Mhudumu_Pangani:

Asanteni sana, hii ya mlonge kwenye sufuria nitaitumia kesho. Mmeruka mambo matatu ninayokutana nayo kila wiki. Maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, ambayo bibi zetu hawayaachi. Wanja. Na utomvu wa mnyaa: huku uzio mwingi ni mnyaa, watoto wanachezea, na wapo wanaouweka jichoni kwa makusudi kuondoa "utando".

---

NesiMacho:

Mnyaa kwanza, maana huo hausubiri. Maziwa yake yana kemikali zinazochoma konea na kuamsha uvimbe ndani ya jicho. Udanganyifu wake ni kwamba mara nyingine mwanzoni mtu anahisi mwasho tu, kisha baada ya saa kadhaa, au kesho yake, maumivu yanakuwa makali na uoni unapungua. Usimwambie asubiri aone. Oshea jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, bomba au jagi, dakika 15 kwa uchache, nusu saa ni bora. Alaze kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji machafu yasiingie la pili. Fungua kope kwa vidole, aangalie juu, chini, kulia, kushoto wakati maji yanapita. Anayeosha naye anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, kwa sababu utomvu hubaki kwenye ngozi. Msitie maziwa, mafuta wala maji ya sukari. Kisha hospitali, hata kama mwasho umetulia. Utomvu wa mbono na mimea mingine yenye maziwa uchukulieni vivyo hivyo.

Wanja: ule wa asili wa manga ni madini ya risasi. Sampuli nyingine zilizopimwa katika nchi mbalimbali zilikutwa zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Mtoto anaupata kwa kusugua jicho na kupeleka kidole mdomoni, na risasi inaathiri ubongo unaokua, hakuna kiwango salama kinachojulikana. Zipo zinazotengenezwa kwa masizi tu, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote nyeusi. Kijiti kimoja kinachopita macho ya familia nzima nacho kinasambaza macho mekundu na vikope. Kwa akina mama wanaotaka urembo wa mtoto, mnaweza kusema kwa upole kwamba hina mguuni haigusi jicho.

Maziwa ya mama yana kingamwili na vimeng'enya vinavyopambana na vijidudu, na maabara yameonyesha kuzuia baadhi ya bakteria kwa kiasi. Ila sababu kubwa ya bibi kuyaamini ni nyingine. Watoto wengi wachanga wana mfereji wa machozi ambao haujafunguka. Jicho linatoa machozi na tongotongo kidogo kila siku, lakini jeupe la jicho si jekundu na kope hazijavimba. Karibu asilimia 90 hufunguka wenyewe kabla ya mwaka mmoja. Ukitia maziwa utaona yamesaidia, na usipotia utaona hivyo hivyo. Kinachosaidia hapo ni kukanda: nawa mikono, weka ncha ya kidole kwenye pembe ya ndani ya jicho kando ya pua, kandamiza na kushusha kuelekea tundu la pua, mara 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku.

Hatari iko kwa mtoto mwingine kabisa, yule ambaye ndani ya siku 28 za kwanza amepata macho mekundu yaliyovimba yenye usaha mwingi. Kisonono huonekana siku ya pili hadi ya tano, klamidia kwa kawaida siku ya tano hadi ya kumi na nne. Kisonono kinaweza kutoboa konea ndani ya saa 24. Mtoto huyu anahitaji sindano hospitali, macho yake yanaoshwa mara kwa mara kwa maji ya chumvi yasiyo na vimelea, na mama na mwenzi wake wanatibiwa. Hakuna muda wa kujaribu maziwa. Ndiyo maana mtoto akizaliwa hupakwa mafuta ya tetrasaikilini ya asilimia 1 macho yote mawili. Aliyezalia nyumbani ameikosa, kwa hiyo waulize moja kwa moja.

---

Mfamasia_Moro:

Naongeza upande wa duka la dawa, kwa sababu ukimzuia mtu asitumie jani atakuja kwetu, na huku nako kuna mtego.

Mtego ni matone yenye steroidi, deksamethasoni au prednisoloni, peke yake au ikiwa imechanganywa na dawa ya bakteria. Wekundu unapotea kwa siku moja, mgonjwa anafurahi, anamwazima jirani. Steroidi inazima dalili na kuacha kuvu au kirusi cha hepesi kiendelee kuila konea bila kizuizi. Ikitumiwa wiki nyingi inapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Soma kiambato kwenye boksi, siyo jina la biashara. Kitu chochote kinachoishia na "-sone" au "-solone" kisitiwe bila mtu wa macho kuangalia konea.

Kwa maambukizi ya bakteria ambayo mhudumu wa afya ameyathibitisha, kinachotumika sana ni kloramfenikoli ya asilimia 0.5, tone moja kila baada ya saa mbili kwa siku mbili za mwanzo wakati wa kuwa macho, kisha mara nne kwa siku, jumla siku tano. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya pili. Kosa jingine ni matone matatu kwa mpigo, wakati jicho halibebi hata moja zima.

Namna ya kutia: nawa mikono, inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini iwe kama mfuko, dondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa kope, fumba taratibu dakika moja hadi mbili huku umebonyeza pembe ya ndani ya jicho ili dawa isishukie puani. Kama kuna dawa ya pili, subiri dakika tano. Mafuta yawe ya mwisho. Andika tarehe uliyofungua chupa na uitupe baada ya siku 28 hata kama imejaa. Kila mgonjwa chupa yake, na kama jicho moja tu linaumwa, usihamishie la pili.

Kwa macho mekundu ya virusi, matone haya hayafanyi kitu. Watu watauliza "sasa nikae bure?" Jibu ni kwamba asafishe, abaridishe, ajitenge. Maji ya kusafishia kope, kwa nje tu: chemsha nusu lita ya maji safi yatokote vizuri, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi iliyosawazishwa kwa mgongo wa kisu, hiyo ni takriban gramu 4.5, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Chovya pamba safi, futa kutoka pembe ya ndani kwenda nje mara moja, tupa pamba, chukua nyingine. Jioni maji yaliyobaki mwaga, kesho tengeneza mapya. Usikisie chumvi kwa kiganja: ikizidi inachoma.

Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Msitegemee vitakasa mikono vya spiriti peke yake, maana adenovirusi huvihimili kuliko virusi vingi, na huweza kuishi kwenye kitasa au simu kwa wiki kadhaa. Taulo, mto, miwani na wanja visiazimane.

---

TabibuAsili_Korogwe:

Naheshimu yote yaliyosemwa, na naomba upande wetu nao usikike. Sisi tunaotambuliwa chini ya Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 hatupendi kuona jicho likipofuka mikononi mwetu. Wagonjwa wanakuja kwetu kwanza kwa sababu tuko karibu na wanalipa kidogo kidogo. Mkitaka watu waache kutia majani, msituzunguke.

Malawi walifanya hivyo miaka ya 1990: waganga walifundishwa kutambua jicho la hatari, wakaombwa waache kutia kitu ndani ya jicho, na hospitali ikawapokea wagonjwa wao kwa heshima. Madaktari wenyewe waliandika kwamba hali ya vidonda vya konea waliyokuwa wakiipokea ilibadilika baada ya mafunzo hayo.

Mpaka tunaoweza kuukubali wengi wetu ni huu: hakuna kinachovuka kope kwenda ndani. Nje ya kope bado tuna kazi. Chokea, kwa mfano, kinataka joto. Kitambaa safi kilicholowa maji ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila kuungua, dakika kumi, mara tatu au nne kwa siku, na chokea chenyewe hakikamuliwi. Majani ya mwarobaini yakichemshwa kwenye maji hayo hayaongezi kitu tunachoweza kukithibitisha, basi maji matupu yanatosha. Kufukiza macho kwa sufuria la maji yanayochemka niliachisha wanafunzi wangu, kwa sababu mvuke huunguza uso wa mtoto kabla haujalainisha kitu. Na mnanaha ukiukuta kwa mtu, chukua tahadhari: unapanua mboni, mwanga unaumiza, na kwa mzee ambaye njia ya maji ndani ya jicho lake ni nyembamba unaweza kuamsha presha kali ya jicho siku hiyo hiyo.

Msisahau uso. Kongwa, utafiti uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba vijiji vilivyohimizwa kuosha nyuso za watoto, pamoja na dawa, vilipunguza vikope vikali. Hilo ni jambo ambalo mganga, mwalimu na bibi wanaweza kulisema kwa mdomo mmoja, na halihitaji maji mengi. Kibuyu kilichotobolewa au kopo la kuchirizisha linatosha watoto kadhaa.

---

Mhudumu_Pangani:

Nimeandika rasimu ya maneno ya kusema nyumba kwa nyumba, naomba mniangalizie:

"Jicho jekundu lenye machozi, linaloona vizuri na lisilouma sana: safisha kope kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, weka kitambaa cha baridi, usiazimane taulo. Mlonge tupike, tusitie jichoni. Asali tule, ila asiyefikisha mwaka mmoja asipewe. Nenda kituo cha afya leo kama jicho linauma sana, linaona ukungu, linaogopa mwanga, lina doa jeupe, limechomwa na mti, utomvu au jani, au kama ni mtoto wa chini ya mwezi mmoja. Mtoto wa shule abaki nyumbani wiki moja."

---

NesiMacho:

Imekaa vizuri. Rekebisha mambo matatu. Ongeza mtu anayevaa lenzi za macho: azivue na afike kituoni leo, asisubiri. Ongeza "au halijapata nafuu baada ya siku saba". Na hiyo wiki moja ya shule ibadilishe iwe "mpaka machozi na usaha viishe", maana wa virusi anaweza kuambukiza hadi siku 14, na wa mzio hana haja ya kukosa masomo hata siku moja.

---

MkemiaMimea:

Nyongeza yangu ni moja. Aliyeshatia kitu asikemewe mlangoni, la sivyo ataficha akifika kwa daktari. Mwambie aje na tawi la mti wenyewe lenye majani, na kama lina ua au tunda ni bora zaidi, pamoja na chupa au kikombe alichotumia. Daktari akijua ni mnyaa, mnanaha au ndimu, anachagua matibabu tofauti, na usaha uliokwanguliwa kwenye kidonda unapelekwa maabara kutafuta kuvu tangu siku ya kwanza.